Machicha Niliyokuwa Nikiwatupia Kuku

Nakuandikia wewe uliyekesha jana ukimsikiliza mtoto anavyopumua. Mimi nimekesha hivyo mara nyingi. Hata leo huamka saa nane za usiku bila kuamshwa na mtu. Natia mkono nyuma ya shingo ya binti yangu nione kama pana jasho. Nikikuta pakavu nasema alhamdulillahi, najilaza tena. Ana miaka 14 sasa, hapendi kuguswa akiwa usingizini, lakini ananiachia. Anajua kwa nini.

Sisi ni watu wa Bweni, ng'ambo ya mji wa Pangani. Baba watoto ni mvuvi. Mimi kwa miaka 11 nilikuwa mama maandazi. Saa tisa za usiku nilikuwa nimeshakanda kilo nne za ngano, na alfajiri watu wanaosubiri pantoni kwenda mjini walinikuta na ndoo yangu imefunikwa kitambaa, chai iko kwenye chupa. Kukiwa na harusi au hitima nilipika chapati na mikate ya mayai. Bati la nyumba yetu limetoka kwenye ngano. Sare za shule na madaftari vimetoka humo humo. Nakueleza haya mapema ili ujue nilibeba nini siku nilipoambiwa kwamba ngano ndiyo inayommaliza mwanangu.

Mwaka 2017 alikuwa na miaka 7. Akaanza kunywa maji kata kwa kata, na akawa kikojozi upya, yeye aliyeacha kukojoa kitandani tangu ana miaka mitatu. Asubuhi moja bibi yake aliniita uani. Pale mtoto alipokojoa palikuwa peusi kwa sisimizi. Mama mkwe wangu hakusema neno, alinitazama tu. Mara mbili tulipokwenda kutibiwa tulipewa dawa ya malaria. Mara ya tatu mtoto alikuwa anahema kama aliyetoka mbioni, na pumzi yake inanuka kama embe lililoiva kupita kiasi. Hapo ndipo alipopimwa sukari kwa mara ya kwanza. Ilikuwa 31. Tulilala hospitali siku tisa, tukatoka na jina la ugonjwa: kisukari aina ya kwanza. Kinga ya mwili wake imelishambulia kongosho lake mwenyewe, halitoi tena insulini, na atachomwa sindano kila siku maisha yake yote.

Nilijifunzia kuchoma kwenye chungwa. Friji hatuna, kwa hiyo insulini niliiweka kwenye mtungi mdogo wa udongo, nao mtungi nikauzika nusu ndani ya karai la mchanga ninaoumwagia maji asubuhi na jioni, pale penye kivuli chini ya dirisha. Muuguzi aliyenifundisha aliniambia kwamba mtu wa kwanza kutibiwa kwa insulini alikuwa mvulana wa miaka 14 huko Toronto, Kanada, Januari 1922, na kwamba kabla ya hapo mtoto mwenye ugonjwa huu hakuwa na dawa, alikuwa anasubiri tu. Akasema, "Kwa hiyo mama, usiruke sindano hata siku moja." Sikuiruka. Namwombea dua muuguzi yule mpaka kesho.

Mwaka mmoja tulikwenda vizuri. Kuelekea mwisho wa 2018 sukari ikaanza mambo nisiyoyaelewa. Nampima kabla ya kula, naona 7. Namchoma kipimo chake. Anakula chapati mbili na maharage mbele ya macho yangu, anamaliza. Haijapita saa moja na nusu, anatetemeka, midomo imepauka, anaongea maneno yasiyo na kichwa wala miguu. Napima tena: 2.9. Chakula kimekwenda wapi? Halafu usiku wa manane, insulini ikiwa imeshapungua nguvu, inapanda hadi 18. Nikipunguza dawa, inapanda. Nikirudisha, inaanguka.

Na mwili ukawa unanyauka. Mikono kama vijiti, tumbo limetuna na kukaza kama ngoma. Choo chake kilikuwa cheupecheupe, kingi, kinaelea, na harufu yake ilikuwa inakaa chooni hadi jioni. Damu ikapungua, akapewa vidonge vya madini ya chuma, havikusaidia. Alipofikisha miaka 8 na nusu alikuwa na kilo 17.

Kliniki nilikanywa mbele ya watu. Niliambiwa nikimchoma mtoto sindano nimpe na chakula. Nilikuwa nimepakata ndoo yangu, nimetoka nayo moja kwa moja kwenye biashara, unga wa ngano umeniganda kwenye kucha. Nalisha watu mia, halafu naambiwa simlishi wa kwangu. Niliporudi nyumbani sikumweleza mtu. Majirani nao walikuwa na yao, kwamba mtoto ana majini. Shehe alituandikia kombe kwa zafarani, tukaliosha, mtoto akanywa. Nilimpa kwa imani yangu yote, na sindano nikaichoma kwa saa yake. Mungu alinipa akili ya kushika vyote viwili.

Usiku wenyewe ulikuwa wa Februari 2019. Joto la kaskazi. Ni siku za giza, baba yake yuko baharini kwenye dagaa. Jioni sukari yake ilikuwa 9. Nilimchoma. Alikula chapati na samaki wa kukaanga, akalala.

Saa nane nikasikia kitanda.

Haukuwa mlio wa mtu kujigeuza. Kilikuwa kinagonga ukuta. Kinagonga. Kinagonga.

Niliwasha tochi ya simu. Macho yako wazi, hayanioni. Meno yameumana. Povu. Shuka limelowa kama limetolewa mtoni. Nikamwita. Nikamwita tena. Nikataka kumwita mama mkwe, sauti haikutoka.

Vijiti vya kupimia vilikuwa vimebaki vitatu. Cha kwanza kikaanguka. Cha pili kikaanguka. Cha tatu kikashika damu.

1.6.

Bibi yake alikuja na chupa ya asali. Tulimlaza kwa ubavu. Sikummiminia kinywani, muuguzi alishanionya kwamba atapaliwa. Nilichovya kidole, nikapaka ndani ya shavu, kwenye ufizi. Nikangoja. Nikapaka tena. Mama mkwe anasoma Yasini. Anakosea. Anarudi nyuma, anakosea palepale. Yeye aliyeihifadhi tangu msichana.

Kugonga kukaisha. Hilo likanitisha zaidi.

Usiku ule pantoni limelala ng'ambo. Jirani mmoja, Mungu amlipe, alishusha mtumbwi wake. Nilikaa katikati nimempakata. Mto mweusi. Kasia linaingia, linatoka. Nahesabu pumzi zake. Moja. Nangoja. Nangoja. Mbili. Nikasema, "Ya Rabbi, kama unamtaka, mchukue nikiwa nimemshika. Usimchukue akiwa peke yake." Nilisema hivyo kwa ulimi wangu. Sijamwambia mtu hadi leo ninapoandika.

Tulipofika katikati ya mto akafungua kinywa. "Mama, kiu."

Hospitali walimtundikia dripu ya glukosi, na kulipokucha alikuwa anauliza viatu vyake viko wapi. Asubuhi hiyo alipita daktari mmoja kijana. Hakunigombeza. Alimgusa mtoto tumbo kwa muda mrefu, akamtazama kucha na ndani ya kope. Kisha akaniuliza swali ambalo miezi yote ile hakuna aliyewahi kuniuliza: "Mama, choo chake kikoje?" Nilimweleza. Nilimweleza hadi nikalia.

Akaniambia kuna ugonjwa unaitwa seliaki, ambao watoto wenye kisukari cha aina ya kwanza huupata zaidi kuliko watoto wengine, kwa kuwa yote mawili ni kinga ya mwili kuugeukia mwili. Kinachouchokoza ni gluteni, iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai. Mimi gluteni naijua kwa mikono, ila sikuwa najua jina lake. Ni ule mnato unaousikia ukikanda donge mpaka likawa laini, ule unaofanya chapati ivutike isikatike. Tumbo la mtu mwenye seliaki likikutana nao, vinyweleo vinavyofyonza chakula kwenye utumbo vinalala, kama zulia lililokanyagwa miaka mingi. Chakula kinapita tu. Sindano nimechoma, chakula amekula, lakini kwenye damu hakijafika. Ndiyo maana sukari ilikuwa inaanguka. Nilikuwa simnyimi chakula. Wallahi nilikuwa simnyimi.

Nilitaka kutupa ngano siku ileile. Akanikataza. Kipimo cha damu kinatafuta askari ambao mwili unawatoa kupigana na gluteni, na ukimwachisha mtoto ngano kabla ya kupima, askari wanapungua na kipimo kinaweza kusema hana kitu. Kwa hiyo ilinibidi niendelee kumpa, siku 23, hadi tulipopata nafasi Dar es Salaam, huku nimempunguzia insulini kama nilivyoelekezwa na nikimpima usiku na mchana. Kila kipande alichomeza katika siku zile nilikiona kinashuka kooni. Wavuvi wenzake baba yake walichanga nauli, kaka yangu akauza mbuzi wawili. Damu ikapimwa, kisha akapitishwa mpira mwembamba wenye kamera, wakachukua chembe ya utumbo. Majibu yakawa ndiyo. Dawa ya kunywa hakuna. Dawa ni kuacha ngano, yote, maisha yote.

Daktari wa Dar alinipa kisa kimoja ambacho nimekishika kama tasbihi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, majira ya baridi ya 1944 hadi 1945, Uholanzi ilikumbwa na njaa kali, mkate haukupatikana. Daktari wa watoto, Willem Karel Dicke, akaona wagonjwa wake wa seliaki wanapata nafuu wakati watoto wengine wanadhoofika. Mkate uliporudi, wakaugua tena. Mama mmoja au mwingine huko Uholanzi alikuwa amekaa kama nilivyokaa, akimpa mwanawe mkate kwa mapenzi.

Nilirudi Bweni, nikafunga biashara. Vumbi la ngano hukaa kila mahali, kwenye dari, kwenye mwiko, kwenye mianya ya kibao, na mwenye seliaki chembe tu humdhuru. Kibao cha chapati na mti wa kusukumia vilikuwa vya marehemu mama yangu. Nilimpa wifi yangu. Chekeche niligawa. Ndoo ya maandazi ilibaki, tukaweka maji.

Katika mwezi wa pili tangu aache ngano tumbo likaanza kulegea. Sukari ikaacha kuanguka bila sababu. Utumbo ukipona chakula huanza kuingia, insulini nayo hubadilika, kwa hiyo kila wiki nilikuwa napiga simu kliniki. Utasema, basi, mchele upo, muhogo upo, mahindi yapo, gluteni hayana. Kweli. Nilimpikia vibibi vya mchele na mkate wa kumimina. Tumbo likatulia, lakini sukari ikaruka, mara 16, mara 19. Mchele ukishasagwa na kumiminwa hupandisha sukari upesi kuliko nilivyoweza kuidhibiti kwa sindano niliyokuwa nayo. Wali na ugali wa kupimwa kwa kikombe, pamoja na mboga na samaki, tuliviweza. Kitafunwa ndicho kilichotushinda. Ile saa ya chai, watoto wote wana kitu mkononi.

Idd ya mwezi wa sita mwaka ule, watoto wa ukoo walizunguka sinia uani. Maandazi, sambusa, chapati zimekunjwa. Binti yangu alikaa kizingitini na kisahani cha muhogo wa kuchemsha alichopimiwa. Hakulia, na kama angelia ningejua la kufanya. Alikuwa anawatazama wenzake vidole.

Mama mkwe alimwona. Kesho yake nilikuwa nimekaa juu ya mbuzi, nakuna nazi ya mchuzi. Nikakamua kasimile, nikakamua la pili, nikakung'uta kifumbu na kuwatupia kuku machicha kama nilivyofanya siku zote za maisha yangu. Akasema, "Mwanangu, hayo usiyatupe." Akanieleza kwamba miaka ile ya foleni, 1983, ngano na sukari vilipopotea madukani, mama yake alikuwa anayaanika machicha, anayatwanga, anayachanganya na muhogo, wanakula mkate. Alikuwa hajayasema hayo kwa miaka mingi. Nadhani alikuwa anayaonea haya, kama watu wanavyoona haya kutaja njaa.

Nikamuuliza muuguzi kwa simu. Akaniambia unga wa nazi unajulikana, katika nchi nyingine unauzwa madukani. Gluteni hauna, na wanga wake ni mdogo. Unga mweupe wa ngano, katika kila gramu 100, zaidi ya 70 ni wanga. Wa nazi, zaidi ya theluthi ya uzito wake ni nyuzinyuzi tu, ambazo hazigeuki kuwa sukari.

Sasa nikueleze kwa vitendo, kwa sababu mimi nilikosea sana.

Machicha yaanike siku ileile unayoyakamua. Yakilala na unyevu yanachacha, na nazi iliyochacha haifichiki. Mimi huyatandaza kwenye sinia, nikafunika kipande cha chandarua kuzuia nzi, na kwa jua la kaskazi siku mbili zinatosha. Masika huyakausha kwenye sufuria pana, moto mdogo kabisa, mkono hautoki kwenye mwiko, yasiungue yakawa machungu. Yakikauka ukiyashika yanakwaruza kama mchanga wa ufukweni. Kisha kinu, kisha chekeche, linalobaki juu linarudi kinuni. Nazi mbili hunipa kama kikombe kimoja cha unga. Chekeche na kinu viwe vya kazi hiyo peke yake, visijue ngano.

Mkate wa kwanza nilipima kikombe cha unga wa nazi mahali pa kikombe cha ngano. Nilimimina maji, ukayanywa. Nikaongeza, ukanywa tena. Niliutoa jikoni unafuka vizuri, unanukia nyumba nzima. Nilipotia kisu ukaanguka wote, ukawa kifusi. Binti yangu alikusanya kwa vidole, akala. Akasema ni mtamu. Nilitoka nje.

Wa pili ulikuwa mbichi katikati. Wa tatu mkavu hata chai haikuusaidia. Nikaja kuelewa kwamba hapa hakuna ule mnato wa kushikilia mkate. Lazima kingine kishike, na kinachoshika ni mayai. Mama maandazi ndani yangu aligoma kuamini, nusu kikombe cha unga mayai manne? Ndiyo, manne. Na nusu kikombe hicho kinatosha kabisa, kwa sababu unga huu kidogo hufanya kazi ya mwingi.

Ninavyopika sasa ni hivi. Mayai manne nayapiga hadi yatoe povu. Natia kasimile robo kikombe, mafuta ya nazi vijiko viwili vya chakula, chumvi kidogo, hiliki, na ganda la ndimu lililoparwa. Unga nusu kikombe nauchekecha humo pamoja na nusu kijiko cha chai cha bekingi pauda, ambayo nimesoma karatasi yake nikahakikisha haina ngano. Sukari sitii. Nachanganya, halafu naacha. Hili la kuacha ndilo nililolikosa mwanzo. Dakika kumi, unga unywe mpaka utosheke. Ukirudi unakuta rojo limekuwa zito kama uji wa mgonjwa. Likiwa zito zaidi, ongeza kijiko cha tui. Kisha sufuria iliyopakwa mafuta, mkaa mdogo chini, mwingi juu ya mfuniko, kama unavyopika mkate wa mayai. Moto ukiwa mkali unaungua juu na ndani mbichi. Nusu saa, au zaidi kidogo. Chomeka kijiti, kikitoka kikavu epua. Usiukate ukiwa wa moto, uache upoe kabisa ndipo ujishike.

Idd kubwa ya mwezi wa nane nilipika miwili. Tuliweka sinia lake peke yake, chembe za maandazi zisiruke, lakini safari hii sinia lilikuwa katikati na watoto wengine ndio waliosogea kwake. Walikula hadi ukaisha. Binti yangu aligawa vipande kwa mkono wake mwenyewe. Nilisimama nyuma ya mlango nikimwangalia. Mama mkwe alinishika mkono, hatukusemeshana.

Nikuonye jambo moja, kwa sababu lilinirudisha mtoni kwa dakika kumi nzima. Asubuhi moja nilimpa mkate wa nazi peke yake na insulini ileile ya siku zote. Nilisahau kwamba mkate huu hauna wanga wa kutosha kukutana na sindano. Sukari ikafika 3.1. Alikuwa macho, akanywa maji ya sukari, ikapanda, ikaisha salama. Lakini mikono yangu ilitetemeka hadi adhuhuri. Mtoto wa insulini anahitaji wanga wake uliopimwa, na mkate wa nazi hauchukui nafasi hiyo. Kwetu ni kitafunwa cha saa kumi na cha kubeba shuleni. Na usije ukasikia "hauna wanga" ukadhani unaweza kuacha dawa. Hakuna mkate unaofanya kazi ya insulini.

Mayai ni ghali, nalijua hilo. Nilianza kwa kufuga matetea sita, na machicha yanayobaki kwenye chekeche, yale magumu, ndiyo sehemu yao sasa. Watu wa mjini wenye kisukari cha ukubwani walisikia, wakaanza kuagiza. Siku nzuri nauza mikate mitano. Sijarudi kwenye pesa ya maandazi, na pengine sitarudi. Bati lipo, halijavuja.

Ana kilo 43. Amenipita urefu. Anajichoma mwenyewe, anasoma karatasi za vyakula dukani hadi muuza duka anachoka, na uji wa lishe hanywi mpaka aulize umesagwa na nini. Na mimi bado naamka saa nane.

Kama na wewe mwanao anakula na hanenepi, kama sukari inaanguka na huoni sababu, kama tumbo limetuna na damu haipandi, nenda ukapimiwe seliaki, na usimwachishe ngano kabla ya kupima. Ukikaa mbele ya daktari usione haya kama nilivyoona mimi. Mweleze choo cha mtoto kikoje, hata kama hajakuuliza.